Msomaji wa Mwisho Kwenye Banda la Baiskeli

Kwangu mimi vitabu vinanuka gundi ya kuzibia pancha. Wengine husema kitabu kina harufu yake tamu ya karatasi na wino, nami nawaamini, lakini vitabu vya kwanza nilivyovishika maishani vilikaa ndani ya sanduku la mbao kwenye banda la fundi baiskeli, pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kati ya makopo ya grisi na minyororo iliyokatika. Ukifungua ukurasa tu, gundi inakupanda puani kabla hujasoma neno la kwanza. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama za vidole, na kwa alama hizo nilijua nani amepita pale: kidole kinene cheusi cha fundi mwenyewe, tuliyemwita Baba Zawadi, vidole vyembamba vya binti yake Zawadi, rafiki yangu, na kidole cha mama yangu, kisicho na grisi, ila mafuta ya ndagala, wale dagaa wakavu aliokuwa akiwauza sokoni. Hata leo nikipita mahali wanapoziba pancha hupunguza mwendo, na mafundi hudhani nina baiskeli ya kutengeneza.

Sisi tulitoka Kivu Kusini, upande wa Uvira. Baba alikufa nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo siku ya kukimbia tulikuwa watatu: mama, mimi Riziki, binti mdogo wa kubebwa nikichoka, na kaka yangu Bahati, kifungua mimba, aliyekuwa ameanza kuota ndevu. Tukiwa njiani mama alikumbuka mfuko wa unga tuliouacha nyuma ya mlango. Bahati akasema anaufuata mara moja, atatukuta mbele. Hatukumwona tena. Tulifika Nakivale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukapewa turubai na kiwanja, na watu wakaendelea kumwita mama kwa jina la mtoto asiyekuwepo: Mama Bahati, ndagala yako bei gani, Mama Bahati, njoo kwaya. Kila tukikaa kula aliomba, na mwisho wa sala ulikuwa uleule: “Na Bahati, Yesu umulinde fasi aliko.” Mimi nilikuwa naitikia amina kwa sauti hata majirani wanasikia. Malori ya wageni wapya yakiingia Base Camp nilikuwa nakimbia kuyatazama, nikichungulia uso mmoja mmoja wa vijana wanaoshuka na virago vyao. Mama hakuja hata mara moja. Alisema hawezi kuacha biashara.

Baba Zawadi alikuwa mtu wa kijiji chetu, aliyetufikia Nakivale miezi kadhaa baada yetu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye utani asioucheka yeye mwenyewe, na ugonjwa wake ulikuwa vitabu. Alivipata popote: kwa mwalimu anayehama, kwa padri, kwa mtu aliyekuwa akifungia karanga. Kila Jumapili baada ya ibada alifunga kazi, akatandika mkeka mbele ya banda, na wapenda kusoma wakaja kufanya kile alichokiita kuonyesha fasi, yaani mahali. Ulikuwa unafungua kitabu unachosoma wakati huo, unaweka kidole pale ulipofika, unasema, “Mi niko hapa,” kisha unawasimulia wenzako. Kwa kuwa kila kitabu kilikuwa kimoja tu, kilizunguka mikononi mwetu juma zima, na kila msomaji alikuwa na kipande chake cha mpira wa tyubu kama alama. Tulianza wengi. Wengine walichoka, wengine walipelekwa nchi za mbali, na mwaka ninaousimulia tulikuwa tumebaki wanne: Baba Zawadi, Zawadi, mimi niliyekuwa darasa la sita, na mama yangu.

Kanuni ilikuwa moja na haikuwa na huruma. Hukuruhusiwa kusimulia kupita pale alipofika aliye nyuma kuliko wote. Ungeweza kuwa umemaliza kitabu, umekirudia, umekilia, lakini kama mwenzako yuko ukurasa wa kumi, na wewe ulizungumza ya ukurasa wa kumi. “Kule njiani kila mutu alikimbia na mbio zake, tukaachana,” Baba Zawadi alituambia siku moja huku anapangusa mikono kwa kitambaa. “Kwa bitabu hatutakimbia vile. Unaongea mpaka fasi mwenzako amefika, kisha unafunga kinywa.” Zawadi, ambaye siri ilimchoma kama amekalia makaa, alikuwa anajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili na kujiviringisha juu ya mkeka, na baba yake anamwangalia tu kwa jicho la pembeni.

Aliyekuwa nyuma siku zote ni mama. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka uleule, kwenye darasa la watu wazima la kanisa, na alisoma kwa sauti, kidole chini ya neno, akilitamka lile neno mara ya kwanza kulijaribu na mara ya pili kulielewa. Ng'ombe wa kutoka Endiinzi wangeweza kupita wote barabarani na pembe zao ndefu na vumbi lao, na mama bado yuko mstari uleule. “Papa, Mama Bahati anatukawisha!” Zawadi alilalamika siku moja. Baba yake akamjibu, “Haraka ni ya nini? Uko na safari?” Tukacheka wote, kwa sababu nani kati yetu alikuwa na safari. Mama alicheka kuliko sisi, kisha akainua kidole chake tukione. “Mi nasoma na hiki. Hakina mbio.” Mimi nilikuwa naona aibu kidogo na fahari kubwa, vyote pamoja, na nilikuwa nahesabu moyoni ni Jumapili ngapi tena kabla hatujaruhusiwa kuongea.

Kitabu cha msimu ule hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua jina lake. Tulikiita Kitabu cha Yule Mama. Kilimhusu mjane mmoja ambaye mwanawe wa pekee alichukuliwa kwenda kukata mkonge mbali, asirudi, na mjane akafunga nyumba akaanza kumtafuta kwa miguu, shamba hadi shamba. Mama alipokifungua mara ya kwanza na kuelewa kinakokwenda, alikifunga, akaenda kugeuza ndagala juani. Nilidhani atakirudisha. Jioni alikuja akakichukua tena, akasema hiki njo chake, yaani ndicho chake, atakisoma mpaka mwisho. Kilikuwa kitabu kizima cha kwanza alichoahidi kukimaliza maishani mwake, na aliahidi mbele yetu sote.

Mimi sikuweza kusubiri. Mchana mmoja nilikipeleka kwenye bustani ya mihogo nikakimaliza kwa mkao mmoja. Yule mama wa kitabuni anafika shamba la mwisho, mzee wa pale anamshika mkono, anampeleka mpakani mwa mkonge, anamwonyesha kaburi. Kijana alikuwa amekufa tangu msimu wa kwanza, kabla mama yake hajafunga hata mlango wa nyumba. Nililia hadi kwikwi ikanishika, kisha nikashikwa na hofu iliyonikausha machozi. Mama angefika pale siku moja. Angesoma maneno yale kwa kidole, moja moja, mara mbili kila neno, na imani yake juu ya Bahati ingekufa palepale mbele yangu. Sikutaka afike. Kuanzia siku hiyo uzito wa usomaji wa mama, ulionikera mwaka mzima, ukawa ndio kimbilio langu. Nilianza kumkatisha kwa maswali, kumwomba arudie kurasa tamu, kumwambia amechoka. Alikuwa ananiangalia kwa muda, kisha ananirudia kurasa nilizotaka.

Halafu tumbo lake likaanza kuvimba. Mwanzo tulidhani ni chakula. Uso ukageuka manjano, miguu ikajaa, na watu wa zahanati ya Base Camp wakamtia kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa ya Mbarara. Shule zilikuwa zimefungwa, basi nikaenda naye kuwa gadimaladi wake, yule anayepika kwenye mafiga nyuma ya wodi, anayefua na kulala sakafuni kando ya kitanda. Baba Zawadi alikuja mbio gari likiwa limeshawashwa, akamtupia mama kitabu mapajani. “Utatukuta hapahapa. Hakuna mutu atakupita,” alimwambia. Mama akakishika kwa mikono miwili njia nzima, barabara ile ya vumbi jekundu na migomba, bila kukifungua.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mke wa askari kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara. Mguu wake ulikuwa umevunjika na kuning'inizwa kwa kamba, na wodi nzima ilimwita Mama Sajenti. Kwa kuwa hakuweza kwenda popote, alimsikiliza mama akisoma kila mchana, na siku ya kwanza alituchekea waziwazi: “Nyinyi watu ya Kongo nasoma kitabu moja mwezi mzima?” Siku ya tatu alikuwa anampigia kelele muuguzi anyamaze. Mama alimwambia kama anataka kuwa mwenzetu lazima naye aonyeshe fasi, basi akawa ananyoosha mkono kutoka kitandani kwake, anaweka kidole chake kizito kando ya kile cha mama, na kusema kwa Kiswahili chake cha kambini, “Na mimi iko hapa.” Mama aliishiwa pumzi kwa kucheka. Alikuwa amekonda uso, macho makubwa, na bado alisoma, sasa nusu ukurasa kwa siku, wakati mwingine mistari michache tu, na mimi niliibariki mistari michache ile.

Mchana mmoja nilitoka kuanika nguo. Niliporudi nilisikia kutoka mlangoni sauti inayosoma kwa kukokota, na haikuwa ya mama. Mama alikuwa amelala, macho yamefumbwa. Mama Sajenti, ambaye uchovu wa kulala chali ulikuwa umemshinda, alikuwa amenyoosha mkono akachukua kitabu kwenye meza ndogo iliyokuwa kati yao, akafungua kurasa za mwisho. Na yeye alikuwa msomaji wa kutamka kwa sauti, kama mama. Nilikimbia kati ya vitanda lakini nilichelewa. “Maama weee!” alilia, mkono kichwani. “Kijana alikufa! Alikufa zamani, watu nazika yeye! Bambi, maskini, huyu mama natembea bure!” Wodi nzima ikageuka. Nilimpokonya kitabu bila adabu yoyote, na nilipogeuka mama alikuwa amefumbua macho.

Mama Sajenti alielewa alichofanya, akaziba mdomo kwa shuka. Mama akanyoosha mkono kwangu. “Nipe kitabu.” Nikampa. Akatafuta kipande chake cha mpira, akafungua pale pale alipokuwa ameachia asubuhi, akaweka kidole. “Nilisikia,” alisema, akimtazama Mama Sajenti wala si mimi. “Lakini mi siyafika kule. Mi niko hapa.” Mwenzake alikuwa analia waziwazi sasa, akiomba msamaha kwa lugha tatu. Mama akamwambia, “Usilie. Ungoje, tutafika wote.” Kisha akaanza kusoma tangu katikati ya sentensi, yule mjane bado yuko njiani, bado anauliza watu, na mama akalitamka kila neno mara mbili kama kawaida yake. Nilimtazama nikijaribu kuona kilichovunjika ndani yake. Sikuona kitu, na jambo hilo lilinitisha zaidi.

Alifariki asubuhi, siku chache baadaye, nikiwa nimemshika mguu. Alikuwa amefika pale ambapo yule mama wa kitabuni anakaribishwa uji na watu asiowajua na kuonyeshwa njia. Sina namna nzuri ya kuisimulia siku ile na sitaitafuta. Mume wa Mama Sajenti, mtu mnene mpole ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akisema neno, ndiye aliyehangaika hadi akapata gari la kumrudisha mama Nakivale, akakaa nyuma pamoja nami na jeneza, kofia yake mapajani. Tulimzika upande wa ziwa. Jumapili iliyofuata matanga Baba Zawadi alitandika mkeka. Akaniomba nionyeshe fasi ya mama, nikaweka kidole changu pale. Kila mmoja akasimulia hadi pale, kwa zamu, hata Zawadi bila kujifunika mdomo. Kisha Baba Zawadi akakifunga, akakiweka chini kabisa ya sanduku, na hakuna aliyekigusa tena.

Leo ni mwaka 2015 na ninaishi Mbarara, ninafundisha watoto wadogo. Niko kwenye kundi la simu la wapenda vitabu: walimu, nesi mmoja, muuza dawa, vijana wa chuo. Kila Jumapili mtu anapiga picha jalada la kitabu anachosoma, anaandika mistari miwili mitatu, na wenzake wanashangilia. Nawapenda, na wamenipa vitabu vingi kuliko sanduku lolote la mbao. Lakini wana mbio, jamani. Mtu anataja mwisho wa hadithi kabla wewe hujapata hata kitabu, anaomba radhi kwa kijipicha cha uso unaocheka, na mazungumzo yamekwisha kuhamia kitabu kingine. Niliwahi kuwaeleza kanuni yetu ya Nakivale. Wakasema ni nzuri sana, halafu mmoja akauliza ikiwa aliye nyuma hatamaliza kabisa, je?

Wakati huohuo nilikuwa nimeanza kumtafuta Bahati kwa dhati, kama mtu mzima. Nilikwenda kwenye ofisi zinazounganisha familia, nikatoa jina lake, nikapanga hata safari ya kwenda kwenye kambi za Tanzania likizo ijayo. Mwezi uliopita nilikwenda Nakivale kumwona Baba Zawadi. Amezeeka, macho yamefifia, Zawadi ameolewa Oruchinga na humtembelea akipata nafasi. Nilimsomea kidogo, akaniuliza ninasoma nini siku hizi, nikamweleza. Kisha nikamweleza habari ya safari, nikamuuliza kama anakumbuka mtu yeyote aliyeonekana na Bahati siku ile. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza. Aliipapasa mikono yake, ambayo grisi haikuwahi kutoka kwenye kucha.

“Riziki, usiende,” alisema. “Bahati nilimuzika mi mwenyewe, na hii mikono. Yeye na bengine, palepale nyuma yenu.” Nikamuuliza mama je. Akasema alimwambia mama juma lile lile alipotufikia Nakivale, nami nilikuwa nacheza mlangoni. “Hakulia mbele yangu. Aliniomba kitu kimoja tu. Alisema, ‘Riziki angali anamungojea kaka yake. Usimupite mbele. Siku atakuuliza mwenyewe, njo utamwambia.’” Akainua uso kunitafuta kwa macho yale yasiyoona vizuri. “Na leo umeuliza, mwanangu.”

Nililia palepale mbele yake, kwanza kwa ajili ya kaka yangu, kisha kwa hasira. Ndiyo, nilimkasirikia mama, kwa malori yote yale niliyoyakimbilia, kwa nyuso zote nilizozichungulia vumbini. Hasira imeshatulia, huzuni haijatulia. Usiku huu kwenye simu wenzangu wanaulizana tena nani anasoma nini, majalada yanapita moja baada ya jingine, na mimi nimekaa nikiwaza kitanda kile cha wodi na mwanamke mgonjwa anayesoma hadithi ya mtoto anayetafutwa, neno kwa neno, kwa sauti, ili binti yake asikie, na kila binti akimwomba arudi nyuma, anarudi nyuma. Nilikuwa kando yake na mwisho wa kitabu kifuani, nikijibana nisiuseme, nikimwonea huruma kwa uzito wa kidole chake. Siku zote zile nilidhani mimi ndiye ninayemngoja.